Mnaniuliza huku Marekani nateseka au nafurahia, haya leo nawajibu

Picha yenyewe wote mliiona. Nimekaa barazani na kikombe cha chai, nyuma yangu theluji imefika kiunoni, milima yote nyeupe pee, nikaituma kwenye kundi la ukoo nikaandika neno moja tu, "mapumziko". Basi ikawa tabu. Shangazi wa Mbagala akajibu "pole mwanangu, Mungu akufanyie wepesi", binamu wa Tandika akauliza "hiyo nyumba ni yako?", halafu mdogo wangu wa mwisho, ambaye mnamjua hana breki, akatupia swali lililonifanya leo siku ya off nikae niandike hiki kigazeti: "Kaka kila tukikupigia unasema huko baridi inaua, maisha magumu, sasa mbona kwenye picha unacheka? Unateseka au unafurahia? Chagua moja."

Nimechagua. Nafurahia. Tena nafurahia sana, na hilo nimewaficha miaka yote hii kwa sababu ambayo ntaisema mbele huko nikipata ujasiri. Ngoja kwanza niwaeleze mnachokiona kwenye picha maana naona kila mtu ameelewa kivyake.

Nyumba sio yangu, binamu. Ni ya bibi mmoja mjane wa miaka sabini na kitu. Imejengwa kwenye mteremko, ukija kwa mbele unaona nyumba ya kawaida ya mbao, ukizunguka nyuma chini yake kuna chumba kimoja na kajiko na choo, huko ndo kwangu. Kodi dola 1,400 kwa mwezi, na kwa hapa watu wananiambia nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Hakuna kulipa miezi sita kwa mkupuo kama huko nyumbani, unalipa mwezi kwa mwezi, lakini pia hakuna cha "mama naomba univumilie mpaka tarehe kumi". Lile baraza la mbao ni la kwake, ananiruhusu kukaa kwa sharti kwamba theluji ya njia na ya baraza nazoa mimi. Tumewekeana na ishara kabisa, akigonga sakafu na fimbo yake mara moja maana yake chai ipo njoo juu, akigonga mara mbili maana yake shika beleshi.

Mahali penyewe panaitwa Frisco, kamji kadogo jimbo la Colorado, kilomita kama 110 magharibi ya Denver. Kwa wale waliowahi kupanda Kilimanjaro njia ya Marangu, kile kituo cha kwanza cha kulala, Mandara, kipo mita 2,720. Kitanda changu kipo mita 2,770. Yani mtoto wa Tandika, nimezaliwa usawa wa bahari, mlima niliokuwa naujua ni kile kilima cha Chang'ombe ambacho baiskeli ilikuwa inanishinda, leo nalala juu ya Mandara. Na nikitaka kwenda Denver kununua unga siendi chini moja kwa moja, napanda kwanza, barabara kuu ya I-70 inapita kwenye handaki la Eisenhower lililochimbwa ndani ya mlima, lipo kama mita 3,400 kutoka usawa wa bahari na lina urefu wa kilomita 2.7, ndo ukitokea upande wa pili unaanza kushuka. Kwahiyo mkisikia Marekani mkafikiria maghorofa, hapa hayapo. Hapa ni misonobari, milima, na watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji wakaondoka zao Jumapili jioni.

Na mwili haukukubali mara moja, nisiwadanganye tena. Mwezi wa kwanza nilikuwa napanda ngazi kumi nakaa chini napumua kama mzee aliyefukuzana na mwendokasi. Hewa ya huku ni pungufu zaidi ya robo ukilinganisha na ya Dar, usingizi ukawa wa kuruka ruka, damu puani kila asubuhi. Halafu ni kavu mno, ukimshika mtu mkono unapigwa shoti, ukivua sweta gizani unaona cheche, mafuta ya mgando napaka mpaka ndani ya pua na sioni aibu kusema.

Kuna aliyeuliza pia lile jaketi la buluu nimenunua bei gani. Elfu kumi na tano. Shilingi. Karume, 2017, kabla soko halijaungua. Nilipopata ile bahati nasibu ya viza ya Marekani nikaambiwa naenda sehemu ya baridi, nikawahi Karume alfajiri wanapofungua marobota, nikagombania na bodaboda wawili, maana mnajua wenyewe wateja wakubwa wa majaketi ya theluji Dar ni bodaboda, unamkuta mtu Buguruni saa saba mchana jua linapasua kichwa yeye amevaa jaketi la kupandia milima na zipu amefunga mpaka kidevuni. Kwenye zipu ya lile jaketi kulikuwa na kawaya kamekunjwa kama pembetatu, muuzaji mwenyewe hajui ka nini, mi nikawa natundikia funguo. Nimekuja kuhamia kwa huyu bibi, siku ya kwanza tu akakaona kale kawaya akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni waya wa kubandikia tiketi ya kuteleza, zamani ukilipa walikuwa wanakubandikia karatasi hapo kwenye zipu ili wakuone umelipia. Kwahiyo lile jaketi lilishapanda milima kama hii na mtu nisiyemjua, likamchosha, akalitoa sadaka, likafungwa robota, likavuka bahari, likashuka bandarini Dar, likalala Karume, mi nikalirudisha kwao kwa ndege na nauli nikalipa mwenyewe. Na linazuia upepo kuliko yale ya dola 300 wanayovaa wageni.

Sasa siku ya theluji nyumbani ikoje.

Kwanza muelewe mi nafanya kazi ya kufua na kukunja mashuka hotelini, wikiendi ndo wageni wanajaa kwahiyo off zangu ni Jumanne na Jumatano. Theluji ikiangukia Jumatatu usiku mi nina raha kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Na unajua imenyesha kabla hata hujafungua macho. Mvua ya Dar inajitangaza, inapiga bati mpaka mnapigiana kelele ndani ya chumba kimoja, theluji inakuja kama mwizi. Unaamka unahisi masikio yamezibwa, halafu kwenye dari kuna mwanga mweupe ambao hautoki juu, unatoka chini, unaingia dirishani kutokea ardhini. Theluji ikiwa mpya ina hewa nyingi katikati yake, inameza sauti kama godoro, gari linapita barabarani hulisikii, unaliona tu. Mwaka wa kwanza ule ukimya ulikuwa unanitisha jamani. Mi nimekulia Tandika, nimelala miaka na spika za kigodoro upande huu na misikiti minne inayopishana adhana upande ule, na muuza kahawa anagonga vikombe vyake katikati, kwangu kimya kilikuwa na maana mbili tu, umeme umekatika au kuna msiba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huku kimya hakina habari yoyote.

Basi fimbo inagonga mara mbili, navaa mabuti natoka na beleshi. Theluji ya mwezi wa kwanza ni kavu, ukiipuliza kiganjani inapaa kama unga wa ngano, ya mwezi wa tatu na wa nne ndo inakuwa na maji, nzito kama zege bichi, hiyo inavunja mgongo. Nasafisha njia ya gari kama mita kumi na mbili, nusu saa hivi, nyuzi 15 chini ya sifuri na jasho linanitoka, nikivua kofia kichwa kinafuka kama sufuria ya wali. Nikimaliza nageuka kuangalia kazi yangu, safi, imenyooka, na hapo hapo linapita greda la kuzoa theluji barabarani na kunisukumia ukuta mpya mdomoni kabisa mwa njia niliyotoka kusafisha. Kila mara. Sijawahi kuliwahi hata siku moja. Dereva ananipungia mkono na mi nampungia, tutafanyaje.

Nikirudi ndani nawasha jiko la kuni. Sio mafiga, ni jiko la chuma lenye mlango wa kioo, moshi unatoka kwa bomba linalopita mpaka paani, unaona moto lakini huvuti moshi, mama angelipata hili jiko angelia. Kuni ni misonobari iliyokufa. Kuna mdudu mdogo, hajazidi punje ya mchele, alikula misitu ya huku miaka ya elfu mbili na kitu, milima mizima ikageuka myekundu halafu ya kijivu, na mpaka leo watu wanatoa kuni kwenye miti ile, unalipia kibali cha misitu unaenda na msumeno wako unakata. Mi naenda na jamaa mmoja Msenegali tunayefanya naye kazi, Kiingereza chetu kibovu wote wawili lakini kwenye kuni tunaelewana.

Halafu maharage. Hapa lazima nikae kidogo. Mara ya kwanza nimehamia huku nililoweka maharage usiku, nikabandika saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri bado yanagonga jino. Nikampigia mama, mama akasema umenunua maharage ya zamani, nikanunua mengine, yale yale. Kumbe kwa urefu huu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, yanatokota kwa mbwembwe zote unadhani kazi inafanyika, moto wenyewe hamna. Yani chemko la huku ni kama yule fundi wetu wa Temeke, makelele mengi na ukuta haupandi. Mpaka ninunue sufuria la presha ndo nikaanza kula maharage ya nazi kama binadamu. Maandazi sasa ni kinyume chake, hewa ikiwa nyepesi unga unaumuka kwa fujo, nimewahi kuukanda nikaenda kuoga nikarudi nikakuta umemwagika nje ya bakuli unatambaa mezani, siku hizi hamira natia nusu. Unga wa ugali, dagaa na mchele mzuri natoa Aurora kule pembeni ya Denver, kuna maduka ya Wahabeshi na Wasomali, unasikia mpaka Kiswahili cha Wakongo, nikienda nabeba kiroba cha mwezi mzima.

Ikifika mchana theluji imekatika na jua limetoka, na hii ndo sehemu ambayo hamtaniamini. Kivulini ni nyuzi kumi chini ya sifuri, lakini lile baraza limeangalia kusini na limekingwa upepo, anga ni buluu kama wino wa kalamu, unakaa na sweta tu. Bila upepo na kwa ukavu ule baridi haikuingii mifupani, baridi ya Makete au Lushoto ya mwezi wa saba yenye ukungu na unyevu inasumbua zaidi, nawaambia kweli. Ila jua linakupiga mara mbili, la juu na la chini, theluji ikiwa mpya inarudisha sehemu kubwa ya ile mionzi, wenyewe wanasema mpaka asilimia 80. Mwaka wa kwanza nilidharau miwani na mafuta ya jua, nikasema haya ni mambo ya wazungu. Nikababuka. Mimi na weusi wangu huu, nimebabuka pua na chini ya kidevu. Chini ya kidevu! Jua limenichoma kutokea ardhini, tangu nizaliwe sijaona. Na macho siku nzima yanawasha kama nimekata vitunguu gunia zima.

Hiyo ndo saa niliyopiga ile picha. Chai ya tangawizi na iliki, inapoa ndani ya dakika nne kwahiyo unakunywa mbio, theluji inadondoka yenyewe kwenye matawi ya misonobari, inaachia pwaa, tawi linaruka juu kama limeamka. Hakuna kingine kinachotokea. Nakaa pale saa nzima naangalia matawi. Najua mkisoma hapa mtasema huyu ameshachanganyikiwa, na mi 2017 ningesema hivyo hivyo.

Wanyama wapo. Kuna mbweha mwekundu anapita nyuma ya nyumba, nyayo zake zimenyooka mstari mmoja kama uzi wa cherehani. Wiki ya sikukuu nilipika pilau nyingi, friji yangu ndogo, nikasema si nje ni friji ya bure, nikaweka sufuria kwenye theluji nikafunika na jiwe juu. Asubuhi sufuria ipo, jiwe lipo pembeni, nyama zote zimekwenda na wali ameuacha. Kachagua. Kuna mwingine wanamwita musi, ukubwa wake kama pofu, pembe pana kama masinia mawili, huyo ukimkuta njiani unampisha bila mjadala, anakanyaga mtu. Dubu wakati huu wamelala.

Msije mkafikiri mi ndo nateleza na zile mbao miguuni kama kwenye tivii. Nimejaribu mara mbili, hotelini walitupa za kuazima, nikaanguka kama gunia la viazi, watoto wa miaka minne wakanipita wananiambia samahani. Na tiketi ya siku moja kwenye vituo vikubwa ukinunua pale pale dirishani inapita dola 200, hela hiyo mi nina kazi nayo. Furaha yangu ni ya nyumbani, na nyumbani kwenyewe nilikuja kukujua kwa bahati mbaya tu, Machi 2020 gavana alipofunga vituo vyote vya kuteleza kwa sababu ya korona, tukarudishwa majumbani na theluji bado imejaa, miezi miwili sina pa kwenda. Kabla ya hapo nilikuwa naishi kwenye theluji lakini siioni, nilikuwa naiona barabara ya kwenda kazini.

Na barabara ya kwenda kazini sio picha ya kutuma kwenye kundi. Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 24 chini ya sifuri, natembea kwenda kituo cha basi, ukivuta pumzi nywele za puani zinaganda unazisikia zinavutana. Mabasi ya hapa ni bure, hilo niwape, ila ukichelewa dakika moja unasubiri nusu saa na vidole vya miguu huvisikii tena. Gari langu bovu nalitumia kwenda Denver tu, na kuanzia Septemba mpaka Mei ile I-70 ya milimani lazima uwe na tairi za kueleweka au minyororo, mtu mwenye tairi kipara akiziba njia kwenye theluji faini yake anaikumbuka mpaka uzeeni. Jumapili ikinyesha theluji wageni wote wanateremka kwa pamoja, safari ya saa moja na nusu inakuwa saa nne, tano, foleni ya Kimara cha mtoto. Bomba la maji limeshaniganda mara moja, bibi akanifundisha usiku wa baridi kali niache koki inadondosha tone tone, mi niliyelelewa kwa fimbo kwa kuacha koki wazi, mpaka leo nikilala nasikia sauti ya marehemu baba inaniuliza nani anachezea maji.

Desemba jua linazama saa kumi na dakika arobaini jioni. Hiyo ndo saa ngumu. Mchana wote nilikuwa mfalme barazani, ghafla giza, na kuwapigia siwezi kwa sababu huko ni saa tisa kasoro usiku mmelala wote. Masaa kumi yanatutenganisha wakati wa baridi. Mkiwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku mi ndo naanza saa nne asubuhi.

Baba mdogo alipofariki, Februari 2021, simu iliingia wakati nakunja mashuka, na kuzika ni baada ya adhuhuri kesho yake, hata ningekuwa na mabawa nisingefika. Nikazika kwa simu. Huko saa nane mchana, mmevaa kanzu, jua kali, naona mtu anajifuta jasho na kofia, naona udongo mwekundu unashuka, huku ni saa kumi alfajiri, nimekaa mbele ya jiko la kuni na blanketi na nje inadondoka theluji ile ya matone makubwa taratibu. Simu ikakatika mkiwa kwenye dua. Sikupiga tena. Kulipokucha nikatoka nikakuta njia imeshasafishwa mpaka barabarani, bibi wa watu na goti lake bovu ameamka kabla yangu, hakusema kitu, alikuwa ameegemeza beleshi ukutani anarudi ndani. Sikuwa nimemwambia, nadhani alinisikia kupitia sakafu.

Haya, ile sababu.

Nilipofika Marekani miaka miwili ya kwanza kila simu kutoka nyumbani ilikuwa na ombi, na siwalaumu, hata mi ningeomba. Lakini mi sijui kusema sina. Nikawa natuma, nakopa, natuma. Siku moja, nimeshahamia huku milimani, mtu mmoja (anajijua, simtaji) aliniomba laki nne, nikawa sina kweli, na mdomo ukakataa kusema sina, nikasema "aisee huku theluji kali mno imefunga barabara, wiki hii hakuna kazi". Upande wa pili kimya, halafu "daa, pole sana ndugu yangu, jikinge na baridi." Akakata simu kwa upole. Nikabaki nashangaa, yani neno moja tu, theluji, limefanya kazi ambayo maelezo ya kodi na bili na bima hayajawahi kufanya. Kuanzia hapo nikaifanya ngao. Mkiomba, baridi inaua. Mkiuliza nakuja lini, theluji. Nimeitumia mpaka nikajisahau, kuna mtu aliniomba ada ya mtoto nikamjibu theluji imezidi, na ilikuwa Juni. Juni watu hapa wanapita na kaptula wanaendesha baiskeli.

Na ukweli ni kinyume kabisa. Theluji ndo hela yangu. Ikinyesha sana wageni wanajaa, mashuka yanajaa, napewa masaa ya ziada, tipu zinaingia. Mwaka ambao theluji imechelewa ndo tunakatwa siku. Bibi naye anaiangalia kama mkulima anavyoangalia mawingu, anasema theluji ya milimani ndo maji ya mwaka mzima, inayeyuka taratibu kuanzia mwezi wa nne inajaza lile bwawa la Dillon tunaloliona kutoka dirishani, na kutoka hapo maji yanapitishwa chini ya milima kwenye handaki la kilomita 37 mpaka upande wa Denver. Nilimhadithia mgao wa maji wa Dar 2022, Ruvu ilipopungua mkawa mnalala na ndoo foleni, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Mimi shida yangu halisi ni mwezi wa tano na wa kumi kwenda wa kumi na moja, theluji hamna, wageni hamna, kila mahali matope, napewa siku mbili tatu za kazi kwa wiki na kodi ni ile ile 1,400. Wakati huo ndo nateseka kaka yenu. Zile pole zote mlizonitumia Januari, shangazi, naomba uzihifadhi unitumie Mei.

Kwahiyo kuanzia leo nikiwa sina ntasema sina. Mama ntaendelea kumtumia kama kawaida, hilo halina mjadala. Wengine mkiniomba na nikawa ninayo mtapata, nikiwa sina msinitafutie maneno, maana ngao yangu nimeivunja mwenyewe hapa mbele yenu.

Mdogo wangu uliuliza pia ukija huku ubebe nini. Beba iliki, beba pilipili manga, beba mkeka mdogo wa kuweka barazani. Jaketi usinunue la dukani, pita Karume, na ukiona lina kawaya kwenye zipu lichukue bila kuuliza bei mara mbili.

Hapa inaanza tena kudondoka, naiona kwenye taa ya nje, na maharage yameshapiga firimbi. Bibi amegonga. Mara moja... ngoja. Mbili.